Mtoto mfupi bila sababu inayojulikana: Tusimhukumu mama kwa dhana

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Muumba wa viumbe kwa vimo na rangi alizozitaka. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, baada ya swala ya Ijumaa moja mjini Tabora walitujia watu watatu: mume, mke, na mama mzazi wa mume. Walifuatana na mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 9, lakini kwa kumtazama ungemdhania ana miaka 6. Mtoto mwenyewe hakuwa na dalili ya ugonjwa. Alitoa shikamoo kwa adabu, kisha akakimbilia uani kucheza na wenziwe. Bibi yake alisubiri afike mbali, ndipo akasema: "Shekhe, mtoto huyu alibemendwa. Tunataka mama yake aapishwe."

Mke hakujibu neno. Mume aliinamisha kichwa. Tulipouliza tuhuma hiyo ilianza lini, tuliambiwa ni tangu mtoto alipokuwa na miaka 2, wakati baba yake akisafiri kikazi na mama akibaki nyumbani. Kwa miaka 7 nyumba ile ilikuwa imekaa na neno ambalo halikutamkwa hadharani wala halikusahauliwa, na sasa lilikuwa limewafikisha kwenye mlango wa talaka.

Tumewaomba ruhusa tuisimulie habari yao bila majina, kwa sababu si yao peke yao. Katika maeneo mengi ya Tanzania, mtoto asiyekua vizuri husemwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi wake, au mmoja wao, hakujizuia wakati mtoto bado ananyonya, au ametoka nje ya ndoa. Lawama hiyo huweza kumwangukia baba, lakini mara nyingi humwangukia mama. Ndiyo maana tumeona leo tulizungumze jambo hili kwa pande zake mbili: nini wanachokijua madaktari kuhusu ufupi wa mtoto, na nini dini yetu inatutaka tufanye pale ambapo hata madaktari hawana jibu.

Mfupi ni nani?

Tuanze na hesabu, kwani jicho hudanganya. Mtoto anayezaliwa kwa wakati huwa na urefu wa takriban sentimita 50. Mwaka wa kwanza huongeza kama sentimita 25, na mwaka wa pili kama sentimita 12. Kuanzia miaka 4 hivi mpaka karibu na kubaleghe, mwendo hupungua na kuwa kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Akifikia kubaleghe huchupa tena, kisha mifupa hufunga na kimo husimama.

Daktari humwita mtoto mfupi anapokuwa chini ya mstari fulani katika chati ya umri wake na jinsia yake. Kwa mtoto wa miaka 5, mstari huo uko karibu na sentimita 101 kwa mvulana na sentimita 100 kwa msichana, ilhali mtoto wa katikati huwa na kama sentimita 110. Ukiwapanga watoto 1,000 wenye afya njema na umri mmoja, kiasi cha 23 kati yao watakuwa chini ya mstari. Ni muhimu tuelewe kwamba mstari huo umechorwa kwa hesabu tu, na kuwa chini yake si ushahidi wa ugonjwa. Wapo watakaokuwa chini yake kama vile wapo watakaokuwa juu kabisa.

Chati inayotumika kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, baada ya kupima zaidi ya watoto 8,000 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Familia nyingi za Tabora zenye jamaa Maskati zitafurahi kujua kwamba watoto wa mji huo nao walipimwa. Funzo kubwa la kazi ile ni kwamba watoto walionyonyeshwa vizuri, wakalishwa vizuri na kutunzwa katika mazingira safi, walikua kwa mwendo unaokaribiana sana, wawe wa Accra, Delhi, Oslo au Maskati. Kwa hiyo kusema kwamba "sisi kabila letu ni wafupi tu" si jibu la kutosha kwa mtoto mdogo.

Sababu isiyojulikana na sababu isiyotafutwa

Hapa ndugu msomaji tunaomba tuwe makini. Madaktari wanalo jina kwa mtoto aliye mfupi, akapimwa kila kinachopaswa kupimwa, na ugonjwa usionekane: huo huitwa ufupi usio na sababu inayojulikana. Lakini jina hilo hutolewa mwishoni mwa uchunguzi, halitolewi mwanzoni. Sisi wengi huanza pale daktari anapomalizia. Twasema "haijulikani", kumbe ilipasa tuseme "haijatafutwa".

Zinazopaswa kutafutwa ni nyingi. Ya kwanza ni lishe na maradhi ya utotoni. Nchini mwetu udumavu umekuwa ukipungua: mwaka 2010 watoto 42 kati ya kila 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, utafiti wa 2015 na 2016 ulionyesha 34, na ule wa 2022 ulionyesha 30. Idadi hiyo bado ni kubwa mno. Mtoto wa mkulima wa tumbaku anayeshinda shambani mgongoni mwa mama, akirudi jioni kupewa ugali mkavu au michembe peke yake, ameshiba lakini hajala chakula cha kujenga mifupa. Dagaa wanaotoka Kigoma, karanga, maharage, maziwa na yai ndivyo vinavyokamilisha sahani yake.

Ya pili ni minyoo na kichocho. Ya tatu ni maradhi ya muda mrefu kama sikoseli, kifua kikuu, VVU, na magonjwa ya moyo na figo. Ya nne ni tezi ya shingo, ambayo ikikosa madini ya joto mwilini hushindwa kazi, na mtoto hudumaa kimo na akili. Watu wa magharibi tunayo historia ya pekee na chumvi: Uvinza, katika njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji, imekuwa ikitoa chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na misafara iliinunua na kuisambaza. Lakini chumvi kuwa chumvi hakutoshi. Tangu miaka ya 1990 nchi yetu imeweka sheria kwamba chumvi ya kula itiwe madini joto. Mama anaponunua chumvi, na aulize kama imetiwa.

Ya tano ni upungufu wa homoni ya ukuaji, ambayo hutengenezwa na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ya sita ni hitilafu za kuzaliwa nazo. Kwa mfano, msichana aliye mfupi sana na asiyeonyesha dalili za kubaleghe anapaswa kuchunguzwa, kwani huenda amezaliwa na upungufu katika chembe za urithi.

Aidha wapo watoto walio wafupi kwa kuwa wazazi wao ni wafupi, na wapo wanaochelewa tu. Hawa wa mwisho mifupa yao huwa na umri mdogo kuliko umri wao wa kuzaliwa, jambo linaloonekana kwa eksirei ya mkono wa kushoto. Hubaleghe baadaye kuliko wenzao, na wengi wao huwafikia au kuwakaribia. Baba akikumbuka vizuri atasema: "Hata mimi nilikuwa mdogo darasani mpaka nilipofika sekondari."

Mtoto yule wa miaka 9 alifanyiwa uchunguzi huo wote. Ilichukua miezi, nauli na subira. Damu, choo, mkojo, tezi ya shingo, eksirei: vyote vilionekana salama. Baba yake ana sentimita 172 na mama yake 158, kwa hiyo si watu wafupi. Siku ya kwanza mtoto alikuwa na sentimita 117. Baada ya mwaka mmoja alikuwa na sentimita 122. Yaani anakua kwa mwendo wa kawaida, ila yupo chini ya mstari, na amekuwa chini ya mstari tangu mwanzo. Daktari aliwaambia wazazi kwa uaminifu: "Sijaona ugonjwa, na sababu siijui."

Hata wataalamu husema hawajui

Wengi wetu jibu kama hilo hutuudhi. Twadhani daktari asiyejua ni daktari asiyesoma. Lakini tazama ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa urithi wa watu zaidi ya milioni 5, wakaona sehemu zaidi ya 12,000 katika chembe za urithi zinazohusika na kimo cha binadamu. Wengi wa waliochunguzwa walikuwa na asili ya Ulaya, na uchunguzi huo unaeleza kimo cha Waafrika kwa kiwango kidogo kuliko cha Wazungu.

Na katika nchi yetu wenyewe, huko Haydom mkoani Manyara, watafiti waliwafuatilia watoto karibu 1,200 tangu uchanga. Walifikiri kwamba vijidudu vya tumboni ndivyo vinavyowazuia watoto kurefuka, wakawapa baadhi yao dawa za kuua vijidudu, na wengine vitamini. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: walipofika miezi 18, waliopewa hawakuwa warefu kuliko wasiopewa. Magharibi ya Kenya nako, utafiti uliohusisha wajawazito zaidi ya 8,000, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba maji yaliyotiwa dawa, vyoo na kunawa mikono havikuongeza kimo cha watoto. Kilichoongeza ni lishe, tena kidogo. Bila shaka usafi unabaki kuwa wajibu, kwani huzuia maradhi mengi. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba watu waliotumia miaka na elimu yao yote bado wanasema sehemu ya jambo hili hawaijui.

Basi ikiwa wao wamesema hawajui, vipi bibi, shangazi au jirani apate yakini akiwa amekaa kwenye jamvi? Katika Suratul Israa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu ametukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo, na akatukumbusha kwamba masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa. Pale elimu inapokoma pana nafasi tupu, na dhana hupenda sana kuingia katika nafasi hiyo.

Mwenye ngamia na mtoto wake

Jambo hili la kumshuku mke kwa sababu ya umbo la mtoto halikuanza Tabora. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja wa kabila la Fazara alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, huku akiashiria lile analolishuku. Mtume hakumwita mke wala hakutaka kiapo. Alimuuliza yule mtu juu ya ngamia wake na rangi zao. Akajibu kuwa ni wekundu. Alipoulizwa kama kati yao hakuna wa rangi ya kijivu, akakiri kuwa wapo. Alipoulizwa hao wametoka wapi, alijibu mwenyewe kwamba huenda ni asili ya mbali iliyowavuta. Ndipo Mtume akamjulisha kwamba na mtoto wake huenda amevutwa na asili ya mbali vivyo hivyo.

Tazameni hekima hiyo. Mtu yule aliondoka na jibu lililotoka katika zizi lake mwenyewe.

Sisi watu wa Tabora hatukuwa na misafara ya ngamia. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo pembe, nguo na shanga vilibebwa na binadamu, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kama kilo 30 begani. Burton na Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857 waliwakuta Waarabu kutoka Oman wameshajenga. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo mpaka Unyanyembe, ikaendelea Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema. Wengine walipita njia hiyo kwa hiari yao na wengine katika minyororo ya utumwa. Wakaoana, wakazaa, na miembe iliyoota kandokando ya njia bado tunakula matunda yake. Ni nani basi katika mji wetu anayeweza kuwataja mababu zake kumi na sita, achilia mbali vimo vyao? Ikiwa asili ya mbali iliweza kuvuta katika zizi la mtu mmoja jangwani, itashindwaje kuvuta katika mji uliozaliwa na misafara?

Na kuhusu kubemenda?

Wapo watakaosema: hayo ni ya urithi, lakini kubemenda ni jambo jingine. Nalo limegusiwa na sunna. Katika Sahihi Muslim, Bibi Judama binti Wahb (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikusudia kukataza mume kumwingilia mke anayenyonyesha, kisha akazingatia kwamba Warumi na Waajemi wanafanya hivyo na watoto wao hawapati madhara, hivyo hakukataza. Ipo riwaya nyingine yenye tahadhari, na wanazuoni wameioanisha na hii kwa kusema kuwa ni ushauri wa kuangalia maslahi ya mtoto, si haramu.

Maslahi hayo ni yapi? Ni kwamba mama akishika mimba nyingine mapema, maziwa huweza kupungua, na mtoto huweza kuachishwa kabla ya wakati. Qur'ani imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na Shirika la Afya Duniani nalo hushauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Huo ndio ukweli uliomo ndani ya neno la wazee wetu, na ni vyema tuuheshimu. Lakini tendo la ndoa lenyewe halimfupishi mtoto. Wala hakuna njia ambayo zinaa, pamoja na ubaya wake wote, inaweza kusomwa katika mifupa ya mtoto.

Anayesema "alibemendwa" akimaanisha kwamba mke alitoka nje, amemtuhumu mwanamke kwa zinaa. Suratun Nur imeweka mashahidi wanne kwa tuhuma hiyo, na adhabu ya mijeledi 80 kwa asiyewaleta. Ufupi wa mtoto si shahidi hata mmoja.

Madhara ya tuhuma hayaishii kwa mama. Mama anayeogopa kusemwa humficha mtoto. Hampeleki kliniki, hupelekwa kwa mganga usiku, na sikoseli au tezi iliyokuwa ikitibika inapita bila kuonekana. Zaidi ya hayo, nyumba yenye uadui yenyewe huweza kumzuia mtoto kukua. Mwaka 1951 mtaalamu wa lishe wa Uingereza, Elsie Widdowson, aliandika habari za nyumba mbili za yatima huko Ujerumani. Katika moja kulikuwa na msimamizi mkali aliyekuwa akiwagombeza watoto wakati wa kula. Watoto aliowasimamia walikua polepole, hata walipoongezewa chakula, kuliko wenzao waliokuwa chini ya mtu mpole. Yatupasa tujiulize: ni watoto wangapi wanaokula sahani moja na ugomvi wa wazazi wao?

Tufanye nini?

Kwanza, tupime. Mtoto asimame pekupeku, visigino na mgongo vimegusa ukuta, atazame mbele. Kitabu cha kawaida kiwekwe sawasawa juu ya kichwa, na alama ichorwe pamoja na tarehe. Apimwe mara mbili kwa mwaka, na mtu yuleyule ikiwezekana. Tunapendekeza madrasa zetu zifanye hivyo kila Muharram na kila Rajab, na daftari litunzwe kwa siri, bila kumsomea mtoto kimo chake mbele ya wenziwe. Kwa watoto wachanga tudai kliniki iwapime urefu pamoja na uzito.

Pili, tujue wakati wa kwenda hospitali. Mtoto aliyepita miaka 4 na hajabaleghe, akiongeza chini ya sentimita 4 au 5 kwa mwaka, aonwe na daktari. Vivyo hivyo aliyekuwa akikua vizuri kisha akasimama, anayeumwa kichwa au kupungukiwa nuru ya macho, mwenye kuharisha kusikokwisha, mwenye upungufu wa damu, au asiyelingana mikono na miguu na kiwiliwili. Tuanze katika kituo kilicho karibu. Yeye ndiye atakayetuandikia rufaa ya Kitete, Nkinga, Bugando au Muhimbili. Tangu mwaka 2008 Nairobi imekuwa ikifundisha madaktari wa homoni za watoto kwa ajili ya nchi za Afrika, na Watanzania ni miongoni mwa waliosoma huko.

Tatu, tusiuziwe tamaa. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu sindano za homoni ya ukuaji kwa watoto wafupi sana wasio na sababu inayojulikana. Ni sindano za kila siku kwa miaka mingi, gharama yake ni kubwa mno, na faida yake kwa wastani ni sentimita chache, na wengine hawapati hata hizo. Kwa mtoto mwenye upungufu halisi wa homoni ni tiba ya haki, na kutafuta tiba tumeamrishwa. Lakini kwa mtoto mzima wa afya, mzazi ashauriane na daktari na apime faida na mzigo. Ama vidonge na unga wa kurefusha unaouzwa mitaani, hizo ni fedha za maziwa na mayai zinazotupwa.

Nne, tulinde heshima ya mtoto. Tuache kumwita andunje, kibeti au mbilikimo. Hilo la mwisho Waswahili waliwaita watu wa misitu ya Kongo, ambao nao ni waja wa Mwenyezi Mungu wenye kimo chao cha urithi. Suratul Hujurat, aya ya 11, imekataza dhihaka na majina ya kuudhi. Na amepokea Abu Dawud kwamba Bibi Aisha (R.A.) alipogusia tu ufupi wa Bibi Safiya (R.A.), Mtume alimjulisha kwamba neno lile lingechanganywa na maji ya bahari lingeyachafua. Ikiwa ishara moja iliyotoka kwa mke wa Mtume ilipewa uzito huo, je, majina tunayowapigia watoto wetu kutwa nzima?

Mtoto mfupi apewe kazi, maneno na dhamana ya umri wake. Mwenye miaka 9 asibebwe kama wa miaka 6 wala asirudishwe darasa. Akiwa na sauti nzuri, aadhini. Na asimuliwe habari za Abdullah bin Mas'ud (R.A.), aliyekuwa mfupi na mwembamba wa miguu. Maswahaba walipocheka kuona miundi yake, Mtume aliwaambia kwamba katika mizani miguu ile ni mizito kuliko jabali la Uhud. Ndiye inayesimuliwa kuwa wa kwanza baada ya Mtume kuisoma Qur'ani kwa sauti mbele ya makureshi wa Makka.

Turudi kwa wale watu watatu. Hatukumwapisha mtu. Tuliwasomea habari ya mwenye ngamia, tukawataka waende hospitali kwanza, na waliporudi na jibu la daktari tuliketi tena pamoja na wazee wawili wa ukoo. Mume alimwomba mkewe radhi mbele yetu. Bibi ilimchukua muda zaidi. Alinyamaza sana, kisha akasema: "Mwanangu, mimi nilitaka kujua tu." Mkewe mwanawe akamjibu: "Hata mimi, mama, nilitaka kujua."

Mtoto bado ni mfupi. Huenda akawa mfupi maisha yake yote, na sababu yake huenda tusiijue hapa duniani. Anapimwa kila miezi sita, anakula, anasoma, na mama yake yupo nyumbani kwake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, atukinge na dhana mbaya, na awakuze watoto wetu katika miili yao na katika imani yao.

Wabillahi Tawfiq.